Walisema Nilitema Vidonge

Mtoto wangu alizaliwa asubuhi ya mvua, kwenye sante, kituo cha afya cha mtaa wetu hapa Kalemie, na kabla hajamaliza kilio chake cha kwanza mimi nilikuwa nimeshaitwa mwongo.

Akusheze, yule mkunga aliyenizalisha, alimweka mtoto kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. Kilo moja na gramu mia tisa. Kisha akachukua kondo la nyuma, akaligeuza ndani ya beseni karibu na dirisha penye mwanga. Lilikuwa na weusi ambao hata mimi, nikiwa nimelala pale, niliona kwamba si wa kawaida. Akanitoboa kidole, akapeleka damu yangu kwenye chumba cha darubini. Aliporudi alisema ni malaria, tena nyingi.

"Lakini mama, vile vidonge vya CPN ulikuwa unameza kweli? Ama ulikuwa unatema?"

Nikamwambia nilimeza vyote.

"Wote njo wanasema vile," akajibu, akaendelea kuosha mikono.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitenge cha kumpokelea mtoto. Alikuwa amekuja kwa boti kutoka kaskazini ya ziwa, upande wa kwao mume wangu, siku mbili majini, kwa ajili ya uzazi huu. Alisikia kila neno. Hakuniangalia. Alimpokea mtoto, akamfunua uso, akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea mwenyewe, "Mutoto mudogo hivi. Alitema."

Sasa nieleze, maana nimechoka kuelezwa na watu wengine.

CPN ni siku ya kliniki ya wenye mimba. Kwetu ni kila Jumanne. Mnakaa kwenye mabenchi chini ya bati, mnapimwa uzito na tumbo, halafu mnaitwa mmoja mmoja kumeza vidonge vitatu vyeupe vya kuzuia malaria. Unameza vyote kwa mara moja mbele ya muganga, na kikombe cha maji unakuja nacho kutoka nyumbani. Unaanza mwezi wa nne wa mimba, unarudi kila mwezi. Ni kweli wako wanaotema. Wanavibana chini ya ulimi, wanatembea mpaka nyuma ya choo, wanavitema kwenye majani. Nimeviona kwa macho yangu, vimeloa, vimeshikwa na siafu. Watu wanasema vinatoa mimba, vinakausha maziwa, na ukivimeza na njaa vinakupindua tumbo. Hili la njaa ni la kweli.

Lakini mimi sikutema. Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwezi wa saba, tukiwa Kabalo, mume wangu alipokuwa amejaribu biashara ya kusafirisha mahindi kwa treni. Nilikuwa na homa siku nne. Alikuwa mvulana. Muganga wa kule aliniambia ni malaria, na kwamba mimba nyingine nisikose dawa hata mara moja. Nilirudi Kalemie na neno hilo kichwani. Mimba hii ya pili nilimeza mara tano. Mara ya tatu nilitoka sante nikafika karibu na daraja la mto Lukuga, vidonge vyote vikarudi barabarani, mbele ya watu wa pikipiki. Ningeweza kufuta mdomo na kwenda nyumbani. Niligeuka, nikapanda tena kilima cha sante na jua kichwani, nikamwambia msaidizi wa muganga anipe vingine.

"Wengine wanakimbia dawa, weye unairudilia," alisema akicheka. Akanipa, nikameza tena, na akaandika kwenye fishi yangu, ile kadi ya mimba: alitapika, amerudia. Iko pale mpaka leo, kwa wino wa buluu.

Chandarua nililala ndani yake kila siku, hata zile wiki za joto ambazo ziwa lilipanda likaingia viwanja vya chini, maji yakasimama nyuma ya nyumba zetu na mbu wakaanza kazi kabla ya jua kuzama. Mwezi wa nane nilishikwa na homa. Nilikwenda sante siku ileile. Walinipima kidole, wakasema hakuna malaria, ni uchovu wa mimba tu. Wakanipa vidonge vya kuteremsha homa. Nikarudi kwenye cherehani yangu, maana mimi ni mshonaji, nikamalizia nguo za watoto wa shule huku naona giza kila nikisimama.

Niliambiwa nini ambacho sikukifanya? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imetembea. Kina mama wa kanisani walikuja kumwona mtoto, na kila mmoja alikuwa na mahubiri yake madogo. Dawa ni chungu, mama, tunajua, lakini unafikiria mutoto kwanza. Mmoja aliyezaa saba alinishika goti akaniambia Mungu anasamehe. Nilikuwa na mtoto amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyonifundisha kwa ajili ya watoto wadogo. Sikuweza hata kuinuka nimfukuze.

Lakini hao nawaacha. Aliyeniumiza ni mume wangu. Alirudi asubuhi kutoka kuvua ziwani, ananuka ndagala, akakaa ukingoni mwa kitanda akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Niambie tu ukweli," akasema. "Sitakasirika."

"Ukweli gani?"

"Kama ulitema, ulitema. Imepita."

"Toka hapa."

"Mama, mimi nauliza tu..."

"Toka. Nenda ukashone nyavu zako."

Hakupiga kelele, hakunitukana. Alikuwa tayari kunisamehe jambo ambalo sikulifanya, na alijiona mtu mwema kwa hilo. Siku kumi na moja sikumsemesha. Chakula nilikiweka mezani nikaondoka. Mama mkwe alikuwa ananionea huruma kwa namna yake, ananipikia uji wa ndizi, ananiosha mgongo, na kila akiniosha anaomba kwa sauti kwamba Mungu anifungue moyo nikiri.

Wiki tano nilimbeba yule mtoto kifuani. Cherehani ilikaa kimya, vitambaa vya watu vikalundikana. Akaanza kuvuta titi kwa nguvu, mashavu yakajaa. Siku aliyofika kilo mbili na nusu nilimfunga mgongoni, nikachukua fishi yangu, nikaenda kwa mkubwa wa sante.

Ni mtu mzima, mwenye nywele nyeupe kidogo, ametibu nusu ya mtaa wetu. Nilimkuta anaandika ripoti. Nikamwekea fishi juu ya karatasi zake.

"Papa muganga, soma."

"Mama, kuna nini?"

"Soma kwa sauti. Ni mara ngapi nilimeza?"

Akasoma. Mara tano, na ile moja ya kurudia. Akavua miwani.

"Akusheze wako aliniuliza mbele ya mama mkwe kama nilitema," nikasema. "Leo mtaa muzima unajua mimi ni muntu wa kutema. Mume wangu anajua. Kanisa linajua. Nataka uniambie, kama nilimeza, ile malaria ilipita wapi?"

Akainuka akafunga mlango. Nilijua hapo hapo kwamba analo la kusema. Mtu asiye na kitu hafungi mlango.

"Ulimeza, mama. Mimi nakuamini. Hii dawa imechoka."

"Dawa inachokaje?"

"Vijidudu vimeizoea. Imetumika miaka mingi sana huku kwetu mashariki. Zamani ukimeza, inakulinda mwezi muzima. Siku hizi inakulinda siku chache, na kuna vijidudu vingine haivigusi kabisa. Halafu malaria ya mwenye mimba inajificha kwenye kondo, mule mutoto anamokulia. Damu ya kidole inaweza kuonyesha hakuna, kumbe iko."

Nikaisogelea meza yake.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu zamani, mama. Tunaambiwa kwenye mafunzo."

"Na akusheze anajua?"

"Anajua."

"Sasa juu ya nini aliniuliza kama nilitema?"

Alisugua macho. "Ni mazoea," akasema. "Tunaona wanaotema, basi tukiona malaria tunauliza vile."

Mazoea! Nilipiga meza yake kwa kiganja mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Nilimwambia kwamba mimi nimebeba mazoea yao wiki tano, na nimeosha vyombo na mazoea yao. Nikamuuliza kwa nini wanatupa dawa iliyochoka na wanatufanya tufungue mdomo kama watoto kuonyesha tumeimeza.

"Sikia vizuri," akasema, na sasa sauti yake nayo ilikuwa imepanda. "Imechoka, haijakufa. Wanaoimeza, watoto wao bado wanazaliwa na uzito mzuri kuliko wa wale wasioimeza. Hilo nalo tumeambiwa, na nimeliona hapa kwenye mizani yangu. Bila vile vidonge, huyu wako pengine angekuwa mudogo zaidi. Pengine usingekuwa naye. Dawa ingine ya kuchukua nafasi yake kwa kuzuia, hatujapewa. Hii njo tuko nayo."

"Kwa nini hamusemi?"

"Nikisema Jumanne kwamba dawa imechoka, Jumanne ijayo mabenchi ni matupu. Watatema wote. Unataka hivyo?"

Nilichukua fishi yangu. Nilikuwa na hasira ya aina ambayo haisikilizi nusu ya pili ya maneno.

Jumanne iliyofuata nilimwambia mama mkwe twende wote kumpima mtoto. Tulikuta mabenchi yamejaa, na msaidizi wa muganga anatoa mafundisho ya asubuhi, yaleyale: meza vidonge vyako, utakuwa umejikinga, mtoto atakuwa mzima. Akauliza kama kuna mwenye swali. Nikasimama.

Nikasema mimi nilimeza mara sita na malaria ikanila mpaka kwenye kondo. Nikasema mkubwa wa sante mwenyewe ameniambia dawa imechoka, vijidudu vimeizoea, nao wanajua na hawatuambii. Nikainua fishi yangu juu. Nikasema wakizaa watoto wadogo wataulizwa kama walitema, kwa hiyo wajiandae.

Kelele zilizotokea pale sijawahi kuzisikia hata sokoni. Mkubwa wa sante alitoka mbio kutoka ofisini. Hakuweza kukana, fishi ilikuwa mkononi mwangu. Alianza kueleza yaleyale aliyonieleza mimi, uzito wa watoto, siku chache ni bora kuliko hakuna, chandarua, kuja haraka ukisikia homa. Alieleza vizuri, hilo sitamnyima. Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kuinuka na vikombe vyao. Wengine walipita mbele yake akiwa bado anasema.

Mama mkwe wangu alibaki amekaa. Tukarudi pamoja mpaka kwenye reli. Hapo akasimama.

"Kumbe ulimeza."

"Nilimeza, Mama."

"Basi nipe mutoto, nimubebe mimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake, na sikupata nyingine. Mume wangu alikuja kuniomba msamaha wa maneno, mara tatu. Nilimsamehe ile ya tatu, na si yote.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimeshinda. Siwezi.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa binti mmoja aliyekuja mjini na mama yake kutoka kwenye kambi ya wakimbizi ya Katanika, baada ya miaka mingi ya mahema. Aliolewa na mchukuzi wa bandarini. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa tano, na ile Jumanne alikuwa amekaa benchi ya pili. Alikuwa mmoja wa walioinuka. Hakurudi CPN tena. Mimi sikujua. Nilikuwa nashona, nanyonyesha, nafurahia jina langu lililosafishwa. Alikuja siku moja nimpanulie gauni, nikamwuliza anaendeleaje na vidonge.

"Vya nini tena, Mama? Si weye njo ulisema haviko na nguvu?"

Nikaweka mkasi chini. Nikamweleza nusu ile nyingine, ile ambayo muganga alinieleza mlango umefungwa na mimi sikuitaja nilipokuwa nimeinua fishi juu. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema sawa, atakwenda. Hakwenda. Mtu akishaambiwa dawa haifai, na anayemwambia ni yule aliyeimeza akaumia, huwezi kumrudisha kwa maneno ya mlangoni na pini mdomoni.

Mwezi wa nane wa mimba alishikwa na homa kali. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, katikati ya mumewe na dereva, macho meupe kama karatasi. Walimwekea damu. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Mama yake alikuja kwenye uwanja wangu siku ya tatu baada ya mazishi. Alisimama mbele ya cherehani.

"Mutoto wako huyu anacheka," akasema. "Weye ulimeza, halafu ukaambia wengine wasimeze."

"Sikusema wasimeze, Mama."

"Ulisema nini?"

Nikainamia cherehani. Hakuna anayeweza kuniambia kama vile vidonge vingemwokoa yule mtoto. Muganga mwenyewe hawezi. Nimemwuliza. Hilo halinipi usingizi wala halininyang'anyi, linakaa tu.

Nilikwenda kwa mkubwa wa sante tena, na safari hii nililia kabla ya kugomba. Alisema, "Nilikuambia, mama." Nikamwambia hapana, asiniwekee hiyo. Kama wangekuwa wametuambia wao wenyewe, polepole, pande zote mbili, Jumanne baada ya Jumanne, tusingeisikia nusu yake kutoka mdomoni mwa mwanamke mwenye hasira. Wao waliikalia, mimi nikaivunja, na aliyelipa ni binti wa miaka kumi na tisa. Akavua miwani, akasema nirudi Jumanne, nikae mbele.

Sasa wanasema. Mafundisho ya asubuhi yamebadilika: dawa haina nguvu ya zamani, bado inasaidia uzito wa mtoto, chandarua kila siku, homa yoyote uje siku hiyohiyo na usikubali kurudishwa kwa sababu ya kipimo cha kidole tu. Wako wanaoondoka. Wengi wanabaki. Akusheze hatuulizi tena kama tulitema, au angalau haulizi mbele ya watu. Kwangu hakuja kuomba radhi, na mimi nikimwona njiani nasalimia kwa kichwa.

Mwaka huu yule binti wa nyuma ya nyumba yetu ana mimba nyingine. Alinijia yeye mwenyewe.

"Mama, nimeze ama nisimeze?"

"Meza. Na ulale ndani ya chandarua."

"Nikifuata yote, mutoto atakuwa muzima?"

"Sijui. Utakuwa umemupa nafasi."

Tulikwenda pamoja Jumanne ya juzi, yeye na kikombe chake. Msaidizi wa muganga akaangalia fishi yake, akamwambia vidonge vimeisha, shehena haijafika, arudi mwezi ujao.

Nikamwambia binti akae. Nikakaa na mimi. Msaidizi akarudia kwamba vimeisha, akidhani hatukusikia. Nikamwambia tumesikia. Wenye mimba wengine wanne waliokuwa wanafunga vitenge vyao kuondoka wakatutazama, wakarudi kukaa. Hatukusema neno baya. Tulikaa tu pale kwenye benchi, jua likahama, mkubwa wa sante akatoka, akatuangalia, akaingia, akatoka tena na simu sikioni. Mwishowe akamtuma mtu wa pikipiki kwenye sante ya mtaa mwingine wakakope. Alirudi mchana na boksi dogo la vidonge, limefungwa kwa mpira.

Maji ya kikombe cha binti yalikuwa yameshapata moto. Alimeza kimoja, cha pili, cha tatu, akakunja uso, akafungua mdomo kuonyesha. Nikamwambia aufunge, hawezi kuonyesha mdomo wake kama mwizi. Muganga hakubisha. Aliandika kwenye fishi, akampa, tukaondoka.